Mara ya 239: Hülkenberg na mvua ya Silverstone

Mzunguko wa 41 kati ya 52, Lewis Hamilton aliingia piti kubadili matairi. Mvua ilikuwa imekatika, lami ya Silverstone imeanza kukauka kwenye ule mstari unaopitwa na magari kila mara, na Ferrari waliona saa imefika ya kuvua matairi ya mvua na kuvaa vipara, yaani matairi ya lami kavu. Mbele yake alikuwa Nico Hülkenberg wa Sauber, Mjerumani wa miaka 37, akishika nafasi ya tatu. Mtu huyu alikuwa ameanza mbio 238 za Grand Prix za langalanga (Formula 1) bila kumaliza hata moja katika tatu bora. Sasa alikuwa akifukuzwa na dereva aliyeshinda Silverstone mara 9, ambaye kwa miaka 11 mfululizo hakuwahi kulikosa jukwaa la washindi watatu la pale. Sauber walikuwa na sekunde chache za kuamua: waingie nao, au wabaki nje mzunguko mmoja zaidi?

Walibaki nje.

Nimeanzia hapo kwa sababu wengi walioitazama Grand Prix ya Uingereza ya tarehe 6 Julai 2025 wanaisimulia kama kisa cha bahati: mvua ilinyesha, wakubwa wakateleza, mkongwe akaokota. Nimezirudia mbio zile nikifuata gari moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikubaliani nao. Bahati ilikuwapo, tena nyingi. Lakini siku hiyo bahati ilikuwa imetandazwa barabarani kwa kila dereva, na aliyeipata ni yule ambaye hakuikanyaga kwa kosa lake mwenyewe. Hülkenberg anajua maana ya kosa la namna hiyo kuliko karibu dereva yeyote wa langalanga, maana alishalifanya, kwenye mvua, akiwa karibu na jukwaa kama hivi. Nitarudi huko.

Tuanze na Jumamosi. Kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia Hülkenberg alishika nafasi ya 19, na nafasi ya kwanza ya kuanzia ilichukuliwa na Max Verstappen. Sauber walikuwa timu iliyomaliza mkiani mwaka 2024, pointi 4 kwa msimu mzima. Mwanzoni mwa msimu huo wa 2024 mafundi wao walisumbuliwa na nati za magurudumu kiasi kwamba huko Bahrain gari la Valtteri Bottas lilisimama piti karibu dakika nzima, kazi ambayo timu nzuri huimaliza kwa sekunde mbili na kitu. Nani angeweka fedha yake kwa watu hao kwamba Jumapili watapanda jukwaa?

Lakini aliyekuwa akifuatilia msimu kwa karibu alikuwa na sababu ya kutazama. Tangu Sauber walipoleta sakafu mpya ya gari huko Barcelona, Hülkenberg alikuwa anaokota pointi kila wikiendi: wa tano Hispania, wa nane Kanada, wa tisa Austria. Hiyo ya Austria ndiyo iliyonikaa kichwani, maana alianza wa 20, yaani wa mwisho kabisa, akamaliza wa tisa kwenye lami kavu wiki moja tu kabla ya Silverstone. Gari lilikuwa dhaifu kwenye mzunguko mmoja wa kasi wa Jumamosi na zuri kwenye mwendo mrefu wa Jumapili. Namba 19 kwenye gridi, yaani mpangilio wa kuanzia, ilikuwa inaficha hilo.

Jumapili, saa tisa alasiri ya pale, saa kumi na moja jioni ya kwetu Afrika Mashariki, lami ilikuwa imelowa kwa mvua ya muda mfupi uliotangulia, lakini jua lilikuwa linachungulia. Hapo ndipo uamuzi wa kwanza ulipofanyika, na ulifanyika kabla taa hazijazimwa. Madereva kadhaa, wakiwamo George Russell aliyekuwa wa nne kwenye gridi na Charles Leclerc aliyekuwa wa sita, waliingia piti mwishoni mwa mzunguko wa kupasha moto matairi. Walivua matairi ya mvua nyepesi, yale yenye mstari wa kijani, wakavaa vipara, wakijua wataanzia mwisho. Hesabu yao ilikuwa kwamba lami itakauka upesi.

Haikukauka upesi. Matairi ya vipara kwenye lami yenye maji hayana pa kuyapeleka maji hayo. Hayana mifereji, kwa hiyo hayapati joto, na tairi la langalanga lisilopata joto halishiki. Russell akamaliza wa 10, Leclerc wa 14.

Katika waliocheza kamari ile alikuwamo pia Gabriel Bortoleto, kijana wa Brazil, mwenzake Hülkenberg ndani ya Sauber. Magari mawili ya timu moja, injini ileile, sakafu ileile, yanaondoka kuelekea kona ya kwanza na matairi tofauti. Kwa anayetaka kuchambua kisa, hii ni zawadi. Bortoleto aliteleza akagonga ukuta katika mizunguko ya mwanzo kabisa, siku yake ikaisha. Hülkenberg alibaki kwenye matairi ya mvua nyepesi, akafanya jambo ambalo halionekani kwenye televisheni: alikaa barabarani. Mzunguko baada ya mzunguko majina yaliyokuwa juu yake yakawa yanapungua, moja kwa ajali, moja kwa ubovu, mengine kwa kamari iliyokosea.

Uamuzi wa pili ndio ninaouona mzito kuliko yote. Mzunguko wa tisa Hülkenberg aliingia piti kuvua matairi ya mvua nyepesi na kuvaa mengine ya aina hiyohiyo, mapya. Asiyezoea mchezo huu atauliza faida iko wapi. Kuingia piti Silverstone kunakula sekunde kama 20. Kwa nini uzitoe ili upate tairi lilelile?

Jibu liko kwenye ile mifereji. Lami inapoanza kukauka, tairi la mvua linapata joto kupita kiasi na mifereji yake inalika haraka. Kwenye lami inayokauka tairi lililolika namna hiyo si baya sana, maana linakaribia kuwa kipara. Ila kama wingu jingine linakuja, uko kwenye hatari, kwa sababu maji yakirudi tairi lako halina tena uwezo wa kuyasukuma. Na wingu lilikuwa linakuja. Wengi waliokuwa mbele waliendelea kuvuta muda wakiangalia anga, Sauber hawakusubiri. Mvua ilipomwagika kweli, Hülkenberg alikuwa tayari na mifereji mizima chini ya gari, wenzake ndio kwanza wanapanga foleni kuingia piti au wanajikongoja kurudi. Foleni ya piti ilipokwisha, gari lililoanza la 19 lilikuwa la tano.

Nafasi alizopanda pale piti hakupewa na ajali ya mtu. Alizipata kwa kuingia wakati sahihi, na uamuzi huo ulitoka kwenye ukuta wa piti, wanakokaa wahandisi, na kwenye kiti cha dereva kwa pamoja. Kwenye mvua, wahandisi wana picha za rada lakini ni dereva peke yake anayehisi kama tairi limeanza kuelea.

Mzunguko wa 14 mvua ilizidi mpaka gari la usalama likatoka kuongoza msafara kwa mwendo wa pole, bila kupitana. Liliporudi ndani, hazikupita dakika mbili Isack Hadjar akalivamia gari la Kimi Antonelli kwa nyuma, maana hakuliona. Ukungu wa maji yanayorushwa na magurudumu ulikuwa umefunika kila kitu kuelekea kona ya Copse, inayopitwa kwa kasi ya kutisha hata siku ya jua. Gari la usalama likatoka tena. Fikiria kukaa wa tano katikati ya ukungu huo, huoni taa ya gari la mbele mpaka uko mgongoni mwake, na unajua kwamba mara ya mwisho kufika karibu hivi uliharibu mwenyewe.

Kisha likaja tukio lililogawa watu. Oscar Piastri, aliyekuwa akiongoza, alikanyaga breki kwa nguvu wakati gari la usalama linajiandaa kuondoka. Mwendo wake ulishuka kutoka kilomita 218 kwa saa hadi 52, na Verstappen aliyekuwa nyuma yake akajikuta amempita bila kutaka. Waamuzi walimpa Piastri adhabu ya sekunde 10, ambayo mwishowe ndiyo iliyompa Lando Norris ushindi. Mjadala wa adhabu hiyo siuingii. Kinachohusu kisa chetu ni kwamba mbio zilipokuwa zinaanza upya, Verstappen mwenyewe aliteleza akazunguka pale kona ya Stowe, akaporomoka hadi wa 10. Sasa Lance Stroll wa Aston Martin akawa wa tatu, Hülkenberg wa nne.

Hapa ndipo nilipoacha kukaa vizuri kitini, na kueleza sababu inabidi turudi nyuma.

Mwaka 2010, msimu wake wa kwanza, Hülkenberg akiwa na Williams alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia huko Interlagos, Brazil, kwenye lami iliyokuwa inakauka, akimwacha wa pili kwa zaidi ya sekunde nzima. Ni dereva anayejua kusoma lami yenye unyevu; hilo halikuwahi kuwa na ubishi. Miaka miwili baadaye, uwanja huohuo, mvua ikipiga na kuacha, akiwa na Force India, aliongoza mbio kwa mizunguko mingi. Hamilton akampita baada ya Hülkenberg kuteleza kidogo, na Hülkenberg alipojaribu kurudisha nafasi yake kwenye kona ya kwanza gari lilimtoka, akamgonga Hamilton. Hamilton akatoka mbioni, Hülkenberg akaadhibiwa, akamaliza wa tano.

Halafu Hockenheim, Julai 2019. Nyumbani kwao Ujerumani, mvua, vurugu kama za Silverstone, naye kwenye Renault akiwa amepanda hadi nafasi za juu kabisa. Kwenye kona za mwisho za uwanja ule palikuwa na eneo la lami laini lililoteleza kama sabuni. Leclerc alishaishia ukutani hapo, Hamilton pia aliteleza palepale. Hülkenberg akatoka kidogo nje ya mstari, gari likaserereka polepole bila huruma, likagonga. Nafasi ya tatu siku hiyo ilikwenda kwa Daniil Kvyat wa Toro Rosso, aliyeanza wa 14. Mwisho wa msimu Renault walimpa Esteban Ocon kiti chake.

Baada ya hapo alikuwa mtu wa kuitwa dharura. Mwaka 2020 Sergio Pérez alipopata Covid, Hülkenberg aliitwa Silverstone kushika gari la Racing Point. Wiki ya kwanza gari halikuwaka hata kuanza mbio, ya pili akashika nafasi ya tatu kwenye mchujo na kumaliza wa saba. Akaitwa tena Nürburgring kumsaidia Stroll aliyeugua, akaanza wa 20, akamaliza wa nane. Mwaka 2022 akaitwa Aston Martin, safari hii mgonjwa ni Sebastian Vettel. Haas ndio waliomrudisha kwa msimu mzima mwaka 2023.

Wasiompenda wana hoja yao, na lazima isemwe kwa haki. Kati ya 2014 na 2016 alikuwa Force India pamoja na huyohuyo Pérez. Katika miaka hiyo mitatu Pérez alipanda jukwaa mara nne: Bahrain, Sochi, Monaco, Baku. Hülkenberg hata mara moja, gari likiwa lilelile. Enzi hizo timu kubwa zilikuwa zikijigawia karibu kila mara nafasi tatu za juu, na timu ndogo ilipata mlango siku moja moja tu. Pérez aliukuta mlango wazi na kupita. Hülkenberg alikuwa na kasi ya kumtosha, mara nyingi kumzidi siku ya Jumamosi, lakini siku ya mlango kuwa wazi alikuwa mahali pengine au ameshateleza. Mwaka 2015 alishinda saa 24 za Le Mans na Porsche, pamoja na Earl Bamber na Nick Tandy, mbio ambazo mabingwa wa dunia wengi hawajazishinda. Lakini kwenye langalanga alibaki na nafasi ya nne kama dari lake: Ubelgiji 2012, Korea Kusini 2013, Ubelgiji 2016. Rekodi ya kuanza mara nyingi bila jukwaa aliichukua kutoka kwa Mjerumani mwenzake Adrian Sutil, aliyeishia 128, na akaendelea kuirefusha mwaka baada ya mwaka mpaka ikawa kama jina lake la ukoo.

Kwa hiyo alipokuwa wa nne nyuma ya Stroll, lami bado imelowa, swali halikuwa kama ana kasi. Swali lilikuwa atafanya nini na mikono yake.

Alisubiri. Hakujirusha kama Interlagos. Alimfuata Stroll kwa umbali uleule, mzunguko kwa mzunguko, akiacha matairi ya Stroll yaanze kuchoka, na kati ya mzunguko wa 30 na wa 40 akampita bila kugusana naye. Hamilton naye akampita Stroll muda mfupi baadaye. Sasa bingwa wa dunia mara saba, mbele ya mashabiki wa kwao, akitafuta jukwaa lake la kwanza la Grand Prix akiwa na suti nyekundu ya Ferrari, alikuwa anamkaribia mtu wa Sauber. Nilimwona kwenye vioo vya Hülkenberg, na naamini kila mtazamaji aliwaza nilichowaza: hapa ndipo itakapokwisha.

Tumerudi kwenye mzunguko wa 41. Kwenye lami kavu, anayetangulia kubadili matairi ndiye anayefaidi, maana anaondoka na tairi jipya huku mwenzake bado anaburuta la zamani. Kwenye lami inayokauka mambo yanageuka: wa kwanza kuvaa vipara ndiye anayekwenda kupima maji kwa miguu yake. Hamilton alitoka piti na matairi yasiyo na joto, akatoka nje ya mstari, akapoteza sekunde za thamani. Sauber waliona. Wakamwita Hülkenberg mzunguko wa 42, mafundi walewale ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakipambana na nati wakafanya kazi yao bila kosa, na gari likarudi barabarani likiwa bado mbele ya Ferrari. Mwongozaji wa timu ile, Jonathan Wheatley, alikuwa amefika Hinwil, makao ya Sauber, miezi mitatu tu kabla, akitoka Red Bull ambako kwa miaka mingi alisimamia piti iliyosifika kwa kasi. Siamini kwamba hilo halihusiani.

Mizunguko iliyobaki ilikuwa ya kukaa kwenye ukanda mkavu ambao mahali pengine haukuwa mpana kuliko gari lenyewe. Ukiupoteza kwa nusu mita unaikuta Hockenheim inakungoja. Hülkenberg hakuupoteza. Alivuka mstari akiwa wa tatu, nyuma ya Norris na Piastri, Hamilton akiwa sekunde kama 5 nyuma yake. Kwenye redio alisikika kama mtu asiyeelewa walichokifanya. Sauber walivuna pointi 15 kwa siku moja.

Basi tuhesabu. Kutoka nafasi ya 19 hadi ya 3 ni nafasi 16. Kadhaa alipewa na makosa ya wengine: waliovaa vipara mapema, walioishia ukutani, Verstappen pale Stowe. Kadhaa alizichukua piti kwenye mzunguko wa tisa. Moja aliichukua kwa mkono wake dhidi ya Stroll, na ya mwisho, iliyokuwa ngumu kuliko zote, aliilinda dhidi ya Hamilton. Anayesema ni mvua tu anieleze kwa nini mvua ileile haikumpeleka jukwaani dereva mwingine yeyote kati ya waliokuwa nyuma kwenye gridi.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho sikukisikia kikitajwa sana. Jukwaa la mwisho la Sauber kabla ya siku hiyo lilikuwa Suzuka, Oktoba 2012, Kamui Kobayashi akimaliza wa tatu mbele ya mashabiki Wajapani wenzake. Msimu huo timu ilipanda jukwaa mara nne, kisha ikabadilisha madereva wote wawili. Mmoja wa waliokuja mwaka 2013 alikuwa Hülkenberg, wakati huo kijana wa miaka 25. Alifika karamu imekwisha, akakaa msimu mmoja, akaondoka. Ilibidi arudi baada ya miaka 11, timu ikiwa katika msimu wake wa mwisho kabla ya kuwa Audi, ndipo timu ipande tena, naye apande kwa mara ya kwanza.

Kombe walilogawiwa Silverstone mwaka huo lilikuwa limejengwa kwa vipande vya Lego. Hülkenberg alisema binti yake mdogo atafurahi kulichezea.